Ukurasa wa Mwisho wa Kitabu cha Mjomba

Naanza kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu ni mbaya, na herufi "r" na "l" hunichanganya mpaka leo kwa sababu nyumbani tunaongea Kimakonde, na shule niliishia darasa la saba. Naandika polepole. Ukurasa mmoja hunimalizia asubuhi, halafu nikiusoma naona nimeruka neno, naanza upya. Mkifika mahali pasiposomeka, msinicheke sana. Mimi si mtu wa maneno. Hata nikitumwa dukani huwa nasubiri wengine wote wahudumiwe ndipo niseme ninachotaka. Lakini habari hii nimekaa nayo muda mrefu na sijaona mwingine wa kuisema.

Tulikuwa tunakaa kijijini, nje kidogo ya Newala, watu watatu: mama, kaka yangu na mimi. Nyumba ya mjomba, kaka yake mama, ilipakana na yetu. Mjomba alikuwa fundi mwashi. Mkewe alifariki mapema, hawakujaliwa mtoto, na tangu hapo alikula kwetu. Alikuwa mtu wa kukaa kimya akitafuna muhogo mbichi na kuangalia ukuta wa mtu mwingine kama anaukosoa.

Kwetu ukiulizwa habari za asubuhi, nusu ya jibu ni maji. Sisi tuko juu, maji yako chini mabondeni. Injini ya kusukuma maji ikiharibika, na huharibika kila mara, wanawake hushuka na ndoo alfajiri na kupanda jua limeshakuwa kali. Mama alishaanguka kwenye ule mteremko akavunja mkono, na ndoo ikamwagika. Aliporudi alilia ndoo, hakulia mkono.

Mjomba aliwahi kufanya kibarua Masasi, kwenye chuo kimoja kilichokuwa kinajengewa matangi. Tangi lenyewe linachimbwa ardhini, linajengwa kwa tofali na saruji, mvua inateremka kutoka kwenye bati kupitia mfereji mpaka ndani. Wataalamu walipoondoka, mwalimu mmoja wa chuo alimpa mjomba kijitabu kilichotolewa kwenye kompyuta, chenye michoro na vipimo vyote vya kazi ile. Mjomba alikisoma mpaka pembe zikakunjika. Kisha akaona kina kasoro: kiliandikwa kwa udongo wa kule Masasi, udongo mgumu. Udongo wa kwetu ni mwekundu, una mchanga, ukiloa unamong'onyoka. Akaandika sura nzima mpya juu ya udongo wetu, jinsi ya kuchimba shimo na kulizuia lisiporomoke kabla ukuta haujasimama. Akachora michoro yake mwenyewe kwa rula ya mbao.

Angeweza kuishia hapo, akawa fundi mwenye siri yake. Lakini nyuma ya kile kijitabu kulikuwa na ukurasa mmoja, na ukurasa huo ndio ulioleta mambo yote ninayoandika.

Upande mmoja ulikuwa wa Kiswahili. Ulisema kila mtu anaruhusiwa kunakili kitabu hiki na kukigawa, bure au kwa kuuza. Anaruhusiwa kukibadilisha, ilimradi aseme amebadilisha nini na aache majina ya waliomtangulia. Anayekipokea awe na haki zile zile alizokuwa nazo aliyempa. Mwenye kukaa na kitabu asimzuie mtu kukisoma wala kukinakili. Ruhusa hii ikishatolewa hairudishwi. Na ukurasa huu uende pamoja na kila nakala, usibadilishwe hata neno.

Upande wa pili ulikuwa Kiingereza, maneno hayo hayo. Chini kabisa paliandikwa kwamba maneno ya kweli ni yale ya Kiingereza, ya Kiswahili ni ya kutusaidia kuelewa tu.

Nilimuuliza mjomba siku moja, nikiwa namwekea maji ya kunawa: "Mjomba, mbona kitabu chote kinabadilishwa, ila ukurasa huu tu haubadilishwi?"

Alinawa mkono mmoja, akanawa wa pili. "Huu ni mlango," akasema. "Nyumba unaweza kuvunja chumba ukaongeza chumba. Ukijenga mlango kwa tofali hujaongeza kitu. Umewafungia watu nje."

"Na wewe umeandika sura yako. Huwezi kusema hii ni yangu?"

"Nimesema ni yangu. Jina langu liko pale. Lakini mimi kitabu nilipewa kwa masharti haya. Nitakupaje wewe kwa masharti mengine?"

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Mjomba alikuwa anapeleka kurasa Newala kwenye duka la vifaa vya shule lenye mashine ya kopi. Michoro ilitoka vizuri, lakini ule ukurasa wa mwisho, kwa kuwa herufi zake zilikuwa ndogo sana na wino wa mashine ulikuwa wa kubahatisha, ulitoka kama umepakwa masizi. Mwenye duka alikuwa mcheshi, na shati lake lilikuwa na kalamu nyingi mfukoni.

"Mzee, huo wa mwisho achana nao," alimwambia mbele yangu. "Wewe umeona wapi mtu anasoma masharti?"

"Huo ndio nautaka."

"Basi subiri nilete mashine ya Ulaya." Akacheka, na wateja wakacheka. Mjomba hakucheka. Alikunja kurasa zake, tukarudi nyumbani, akaniambia kuanzia sasa ukurasa ule nitauandika mimi kwa mkono, pande zote mbili, kwenye kila nakala.

Kiswahili niliandika. Kiingereza nilichora. Sikujua neno moja, nilikuwa natazama herufi na kuifuata kama mtu anayefuma mkeka. Mjomba alikagua kwa kidole, herufi kwa herufi, naye pia hajui. Kaka alikuwa akitupita akitoka shambani na bomba la kupulizia mikorosho mgongoni, uso wote una unga wa salfa, anasema: "Shikamoo Wazungu!" Mama anacheka mpaka anaweka kinu chini. Nami nilikuwa nacheka kimya kimya, nikiogopa kuharibu mstari.

Nakala ya kwanza, ile ambayo nyingine zote zilitolewa kwayo, tuliiita mama. Ilikaa barazani kwetu, juu ya meza, ndani ya mfuko wa plastiki, na jiwe juu yake. Mjomba aliweka kanuni: haitoki kwenye baraza, na haifungiwi ndani mchana. Anayetaka anakuja, anakaa, ananakili. Walikuja watu wa Tandahimba, walikuja wa vijiji vya bondeni. Wengine walinakili sura moja wakachoka, wengine walichukua kopi za Newala nami nikawaandikia ukurasa wa mwisho wakiwa wanasubiri.

"Nyumba yangu imekuwa ofisi ya kata," mama alilalamika, "ila mshahara sijauona." Lakini chai aliwapa, kama sukari ipo.

Matangi yakajengwa, si mengi, lakini yakajengwa. Kwetu mjomba alijenga la kwanza, na mwaka ule mama hakushuka bondeni mpaka kiangazi kilipokuwa katikati.

Halafu mjomba akaugua kifua. Hakuugua sana. Alifariki wakati mikorosho inatoa maua, tukamzika.

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo watu wa mbali huenda hawalijui. Kwetu mtu mkubwa akifa, jina lake haliachwi likae peke yake. Siku ya arobaini ukoo unakutana, unachagua mtu, mara nyingi mtoto wa dada yake marehemu, anarithi jina. Si kwamba anaitwa tu hivyo. Anakuwa yeye. Waliokuwa wakimpa marehemu shikamoo wanampa yeye shikamoo, hata kama ni wakubwa wake. Mashauri ya marehemu ni yake, wajibu wa marehemu ni wake, na nafasi ya marehemu kwenye mkeka ni yake.

Wakamchagua kaka yangu. Walimkalisha kwenye mkeka mpya, wakamvisha kanzu ya mjomba, ambayo ilimpwaya mabegani, na mzee wa ukoo akamwambia: kuanzia leo wewe ndiye yeye. Kisha tukapita mmoja mmoja kumwamkia. Mimi nilipofika nilisema, "Shikamoo mjomba," akaitikia, "Marahaba, mpwa wangu," nikaona naye anaona aibu. Mama alikuwa nyuma yangu. Alimwangalia mtoto aliyemzaa mwenyewe, akasema, "Kaka, umekula?" Watu wakacheka kwa furaha, wengine wakalia. Ilikuwa siku nzuri. Nasema kweli, ilikuwa siku nzuri.

Miaka ile ilikuwa ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuja na magari yao, wakapanga bei asubuhi na kuibadili mchana, na mkulima akisita wanahamia kijiji cha pili. Pembejeo kila mtu ajitafutie. Injini ya maji nayo wakaambiwa watu itapewa mtu aiendeshe, na ukitaka ndoo ununue. Kaka hakuwa mvivu. Alipulizia mikorosho ya mama, ya mjomba, na ya watu, akapata kikohozi na madoa ya macho. Msimu ulipoisha alikuwa na alichoanza nacho. Mabibo, yale matunda ya mikorosho, yalioza chini ya miti, nyumba nzima ikanuka. Akaanza kwenda Newala kila siku kutafuta kazi, akivaa ile kanzu.

Kule akakutana na mwenye duka la kopi. Yule bwana aliposikia jina lake alishtuka. Kaka alitueleza jioni, tukila, akiwa amechangamka kuliko nilivyomwona siku nyingi.

"Ananiambia, kumbe wewe ndiye mwenye kile kitabu! Anataka kukichapisha vizuri, jalada la rangi, kipelekwe Masasi, Mtwara, mpaka Lindi. Jina langu mbele, kubwa."

"Jina la mjomba," nikasema.

"Mimi ni nani?"

Mama akanitazama. Nikauliza, "Na ukurasa wa mwisho?"

"Huo hauwezi kuwepo. Yeye ataingiza fedha yake kwenye uchapaji, halafu mtu akae barazani kwetu anakili bure? Mpwa wangu, siku hizi kila kitu kina mwenyewe. Hata maji ya bomba yana mwenyewe. Kitabu tu ndicho hakina?"

Majibu yangu huja siku ya pili.

Wakati huo alikuwa amekuja kwetu mama mmoja kutoka Chiwata, ambako udongo ni kama wetu. Alikuwa mjane, ana mapacha, sisi tulimwita Mama Pacha. Kikundi chao cha wanawake kilikuwa kimeshachimba shimo la tangi kiangazi kile, kwa majembe na ndoo. Walichimba wenyewe, wakapasua kokoto wenyewe. Walikuwa wamekubaliwa kuteka mvua ya bati za nyumba ya ibada. Walichokosa ni sura ya mjomba, namna ya kuzuia kingo, na mvua zilikuwa zinakaribia. Alifikia kwa ndugu zake pale kijijini, akawa anakuja barazani kila siku kunakili kwenye daftari. Mwandiko wake ulikuwa mbaya kuliko wangu, na hilo lilinifanya nimpende.

"Hapa umeandika nini, Mama Pacha?" niliwahi kumuuliza.

"Hata mimi sijui. Nikifika nyumbani shimo litanikumbusha."

Alikuwa ameingia katikati ya sura ya udongo siku kaka aliporudi kutoka Newala na baiskeli, gunia tupu limefungwa nyuma. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akikusanya nakala zote, kama mwenye duka alivyotaka. Aliwaambia watu wampe za zamani, zimechakaa, zina makosa, atawaletea mpya zenye jalada. Na watu walimpa. Msidhani ni wajinga. Kwetu mwenye kitabu alikuwa amefika mlangoni kudai kitabu chake, kwa jina lake, na kanzu yake mwilini. Nani angemnyima? Bibi mmoja aliyekuwa amekiweka chini ya godoro alikitoa na kukipangusa vumbi kwa khanga kabla ya kumkabidhi, na akamshukuru.

Alipofika barazani kwetu alimwamkia Mama Pacha kwa upole.

"Na wewe nipe hilo daftari, mama. Nitakuletea kitabu kizima, usisumbuke na kalamu."

"Lini, baba?"

"Kabla ya mvua."

Mama Pacha akafunga daftari. Nilimtazama, nikataka kusema usimpe. Nilisema. Nilisema kwa sauti yangu hii ndogo, "Usimpe, ukurasa wa mwisho unasema asizuie mtu kunakili." Wote wawili walinigeukia. Mama Pacha akaona haya kwa niaba yangu.

"Binti, huyu ndiye mjomba wako," akasema. "Mimi nitakaa na kitu chake yeye mwenyewe anakitaka?" Akampa.

Kisha kaka akaondoa jiwe, akachukua ile nakala mama na mfuko wake wa plastiki.

Nilikwenda kwa mzee wa ukoo peke yangu. Kwa mtu kama mimi hilo ni sawa na kupanda jukwaani. Akaita kikao, barazani kwake, wajomba na mama zetu wakubwa wakaja, ikaletwa chai na ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ya kuchemsha. Kaka akakalishwa mahali pa mjomba. Mama Pacha naye aliitwa akakaa kwenye kizingiti.

Nilikuwa na ule ukurasa. Sehemu nyingine za kitabu zilikwenda kwenye gunia, lakini ukurasa wa mwisho nilikuwa nao mwingi ndani, ule niliouandika kwa akiba. Nikaombwa nisome. Nilisoma Kiswahili chote, polepole, na nilipokwama mahali hawakunicheka. Walinisikiliza vizuri sana.

Mzee wa ukoo akauliza, "Karatasi inasema majina ya waliotangulia yasifutwe?"

"Ndiyo, babu."

"Limefutwa? Jina si hilo hapo limekaa, linakunywa chai?"

Baraza lote likacheka, na kaka pia akacheka, chai ikamwingia puani. Nilisubiri wamalize.

"Inasema pia ruhusa ikishatolewa hairudishwi. Mjomba aliitoa."

"Mjomba yupi?"

"Huyu," nikasema, nikimwonyesha kaka kwa mkono wote, si kwa kidole. "Kama yeye ndiye mjomba, basi aliyeahidi ni yeye. Alituambia kitabu alipewa kwa masharti haya na hawezi kutupa kwa masharti mengine. Aliniambia mimi, nikimwekea maji ya kunawa."

Nilidhani nimeshinda. Niliona mama yangu ameinua kichwa. Mama mkubwa mmoja alisema taratibu, "Mtoto kasema neno."

Kaka akaweka kikombe chini. Hakukasirika. "Ni kweli nilisema," akajibu. "Nilisema, na sasa nimebadili shauri. Wakati ule korosho zilikuwa na bei. Mjomba haruhusiwi kubadili shauri?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akaomba asomewe upande wa Kiingereza, kwa kuwa karatasi yenyewe imesema huko ndiko kwenye maneno ya kweli. Nikasema siwezi kukisoma, nakiandika tu.

"Unaandika usichokijua?" akauliza, kwa mshangao, si kwa dharau.

"Ndiyo, babu."

"Basi hatuwezi kumwondolea mtu jina lake kwa maneno yasiyojulikana hapa." Akamgeukia mzee wa ukoo, naye akamaliza: mpwa hampingi mjomba wake kuhusu kitu cha mjomba wake, wala hakuna karatasi iliyo kubwa kuliko mwenye jina. Akanisifu kwa kusoma vizuri. Ming'oko ikazungushwa tena.

Njiani mama aliniambia, "Umesema vizuri. Lakini ulitaka wafanye nini? Wakisema yeye siye, basi kaka yangu amekufa kweli." Sikuwa nimeliwaza hilo. Sijaacha kuliwaza.

Kitabu kipya kilitoka kabla ya mvua, kama kaka alivyoahidi. Kilikuwa kizuri. Jalada la buluu, tangi limechorwa lina mfuniko, jina la mjomba juu kwa herufi nene. Ndani ya jalada paliandikwa hairuhusiwi kunakili sehemu yoyote bila idhini. Majina ya wale wa kwanza wa Masasi hayakuwepo. Na ili kiwe chembamba, gharama ipungue, mwenye duka aliondoa sura ya mwisho, ile ndefu yenye michoro ya mkono isiyopendeza. Sura ya udongo. Hakuijua ni nini. Kwake ilikuwa kurasa nyingi za mtu anayeeleza mchanga.

Kaka alimpelekea Mama Pacha nakala yake Chiwata, bure, kwa lori la korosho. Alitimiza neno. Nilimwomba yule bwana wa duka, kupitia kaka, anionyeshe nakala mama nichukue sura ile tu. Akajibu iko kabatini pamoja na zile za gunia, kabati lina kufuli, na ufunguo anao yeye. Mkataba unasema kila kitu kipitie kwake.

Mvua zilianza kwa fujo mwaka ule. Wanawake wa Chiwata walikuwa wamefuata kitabu cha buluu kama kilivyo. Walijenga ukuta wa upande mmoja. Upande wa pili, uliokuwa bado udongo mtupu, ukashuka wenyewe, kwanza kidogo kama unga, kisha wote, ukauzika ukuta na saruji waliyochangishana. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa walikuwa kanisani na msikitini wakijikinga. Nilikwenda kuona. Shimo lilikuwa tope jekundu, bata wanaogelea. Mama Pacha alikuwa anachota yale maji ya tope kwa kata, anachuja kwa khanga.

"Nilikuwa nimefika kwenye vile vigingi vya kuzuia," aliniambia. "Nilikuwa nimeandika vigingi, nikaandika upana. Unakumbuka upana?"

Sikukumbuka. Niliandika nakala nyingi kuliko mtu yeyote, lakini kazi yangu ilikuwa ukurasa ule mmoja. Michoro na vipimo aliviandika mjomba mwenyewe, au mashine. Naweza kuwasomea ninyi ruhusa yote kwa kichwa, Kiswahili, na Kiingereza naweza kukichora nimefumba macho. Najua namna kitabu kinavyopaswa kukaa, kutolewa, kubadilishwa na kupokelewa. Kitabu chenyewe sikijui. Nilijaribu kuichimba sura ile kwenye akili, nikachora vigingi kwenye mchanga, mama akasema vilikuwa karibu zaidi, mimi nikasema vilikuwa mbali zaidi. Hatukuweza kumpa mtu vipimo vya kubahatisha akaingize watoto shimoni.

Mwenye duka hakukaa sana. Mashine iliharibika, kodi ya chumba ikapanda, akahamia Mtwara, wengine wanasema Dar es Salaam. Kabati alikwenda nalo. Kaka alikwenda Tandahimba akapanda basi kumfuata, akarudi bila kumwona. Siku hizi hana hata kitabu cha buluu. Alichokuwa nacho alimpa mtu wa Lupaso aliyekuja kumwamkia kama mwenye kitabu, na aliona aibu kusema hana kingine. Watu bado wanakuja mara moja moja. Wanamkuta barazani, wanasema shikamoo, wanauliza kuhusu udongo. Anawaambia warudi kesho. Baadaye anaingia ndani, namsikia akikohoa.

Simchukii. Ninampa shikamoo kila asubuhi na ninamaanisha. Nikimwangalia kwa nyuma akiwa amevaa ile kanzu, ambayo sasa imemkaa, najua ndiye mjomba, na mjomba hakumbuki sura yake mwenyewe.

Mama ameanza tena kushuka bondeni. Tangi letu lilipata ufa, na mafundi niliowaita hawakubaliani waanzie wapi.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma. Nakala za mjomba zilitoka nje ya kijiji chetu kabla kaka hajapita na gunia. Zilikwenda bondeni, na nyingine zilichukuliwa na watu wa safari ambao hatukuwauliza wanakotoka. Kama nyumbani kwenu kuna kijitabu cha matangi kisicho na jalada, chenye michoro ya rula, na nyuma yake kuna ukurasa ulioandikwa kwa mkono pande mbili, tafadhali niandikieni. Sitakichukua. Niruhusuni nije nikae barazani kwenu, au mninakilie sura ya udongo tu, hata kwa mwandiko wa kuparamia, hata kama baadhi ya vipimo vimefutika. Ule ukurasa hamlazimiki kuuandika, ninao. Mwandikieni aliyeyachapa maneno haya, atanifikishia barua. Mpaka leo haijaja hata moja, na sina matumaini makubwa, maana karatasi kwetu huliwa na mchwa. Lakini niandikieni hata kama hamna, mniambie hamna, nijue mlango upi nimeshaubisha.